Utando Uliokataa Kupauka

Wabebaji walitarajiwa saa sita mchana kuja kulichukua tanuri, na tangu asubuhi Bi Saa hakuweza kulitazama, ingawa yeye ndiye aliyeliponza.

Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya juu, mchache wa maneno. Maabara ilimpa jina hilo la Bi Saa kwa sababu hakutengana na saa yake ya kuhesabia sekunde. Walisema hata kikohozi chake hukipimia muda. Kazi yake ilikuwa tando: vipande vya kioo kisichoogopa moto, vilivyopakwa tabaka la oksidi ya metali iitwayo seriamu, jembamba hata unywele mmoja ukalishinda unene mara elfu. Ukiupasha utando moto kwenye gesi ya haidrojeni, sehemu ya oksijeni yake hutoka, elektroni ilizoziacha nyuma hubaki kwa metali, na utando wote hugeuka buluu iliyokolea. Ukirudisha hewa ya kawaida, oksijeni huingia tena, metali huziachia zile elektroni, na utando hupauka. Bi Saa alichungulia kidirisha cha tanuri na kupima upaukaji huo ulichukua dakika ngapi.

Mwaka wa kwanza zilikuwa dakika nne. Kisha, miezi mitano iliyopita, zikawa kumi, zikawa ishirini, zikafika arobaini. Kuna kitu kilikuwa kikiuziba uso wa utando, oksijeni ikabaki nje kama mgeni aliyebisha hodi asifunguliwe. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Bi Saa aliketi akaandika ripoti ya kurasa sita kwamba tanuri limechakaa na kuta zake zinatoa uchafu, akampelekea Profesa moja kwa moja. Profesa akamwombea mwaka mmoja wa nyongeza, akaagiza tanuri jipya.

Tanuri jipya lingekuja na mafundi wake. Maana yake ni kwamba Mzee Joto, fundi aliyelijenga la zamani kwa mikono yake miaka ishirini na miwili iliyopita, hangekuwa na kazi. Alipopata habari hakugombana na mtu. Alizidi tu kufagia pale chini ya tanuri, mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

Saa mbili asubuhi alimjia Bi Saa na koleo lake dogo.

"Binti yangu, kabla hawajaja, nipe utando mmoja niuweke mwenyewe. Mpya, ambao hujaugusa."

Kumkatalia mzee jambo dogo namna hiyo ingekuwa ukosefu wa adabu. Bi Saa akamsogezea boksi lililokuwa bado limefungwa. Mzee Joto akalifungua, akachukua utando kwa ncha za koleo, akauingiza. Moto ukapanda, haidrojeni ikapita, utando ukawa buluu. Wakarudisha hewa. Bi Saa akabonyeza saa kwa mazoea tu, bila matumaini yoyote.

Ulipauka kwa dakika nne na sekunde kumi.

Bi Saa aliuandika muda huo. Kisha akavaa glavu, akachukua utando wa pili kutoka boksi lile lile, akauweka kwa namna yake ya kila siku. Dakika nne zikapita, kumi zikapita. Ilipogonga ya thelathini na nane utando ulikuwa bado na ubuluu pembeni, na moyo wa Bi Saa ulikuwa umeshaelewa kabla ya kichwa.

Alivua glavu akaitazama mikono yake. Ilikuwa laini. Miezi mitano iliyopita ilikuwa imepasuka kwa kuoshwa na spiriti kutwa nzima, mpaka dada yake akamhurumia, akamnunulia losheni. Alijipaka kila asubuhi, akasubiri ikauke, akavaa glavu. Na vidole vile vile vilivyopakwa ndivyo vilivyoishika glavu kwa nje akiivuta. Akaitoa chupa mkobani akasoma nyuma yake. Ilikuwa na silikoni. Kwenye moto ule silikoni huungua na kuacha ngozi ya kioo juu ya utando, na hapo oksijeni haina pa kupita. Shahada mbili alizokuwa nazo hazikumnong'oneza lolote.

Hatua za Profesa zikasikika ukumbini, na magurudumu ya kigari cha wabebaji nyuma yake. Bi Saa aliona aibu, na aliogopa. Akinyamaza, mwaka wake wa nyongeza upo, na hakuna atakayejua kamwe isipokuwa mzee mmoja mwenye koleo.

"Profesa, tanuri ni zima," alisema hata kabla ya salamu. "Uchafu ulitoka kwenye mikono yangu. Ni losheni. Nimepima."

Profesa alivua miwani. "Na vipimo vya miezi mitano?"

"Havifai."

"Na mwaka niliokuombea?"

"Uliuomba kwa sababu isiyo kweli."

"Basi nitaufuta. Umebakiwa na miezi saba." Hakufoka. Aliwageukia wabebaji akawaomba radhi kwa usumbufu, akaondoka nao.

Bi Saa akabaki na Mzee Joto, tanuri likinguruma polepole.

"Ulijua?" alimwuliza.

"Nilihisi. Mwezi wa pili wa shida hii niliisikia harufu ya losheni. Sisi wa tanuri mafuta ya mikono tunayaacha nyumbani."

"Sasa mbona hukuniambia, mzee wangu? Si ungepoteza kazi?"

Mzee Joto aliliweka koleo mezani taratibu, akalinyoosha likae sawa na ukingo.

"Ulipita hapa na ripoti, mwanangu. Hukuja na swali."

Machozi yalimjia Bi Saa, asijali kuyaficha. Alisimama hivyo kwa muda ambao, kwa mara ya kwanza, hakuupima.

"Nina miezi saba, mzee wangu," alisema hatimaye. "Nianzie wapi?"

Mzee Joto akamvutia kiti.