Mwaka wa Kupanga Kozi

Benedicta alikutana na mzee Sultanali ndani ya lifti, kipupwe cha mwaka 2006, katika ghorofa walilokuwa wakiishi wote huko Thorncliffe Park, Toronto. Benedicta alikuwa akiongea kwa simu na dada yake aliyeko Bukoba, akilalamika kwamba mikono yake imekauka kwa baridi hadi inapasuka. Mzee huyo wa Kihindi, kavaa kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, akadakia: "Paka samli, mama. Mafuta ya dukani hayakusaidii kitu."

Benedicta alisahau kuaga akakata simu. Tangu amfuate mumewe Gelasius Toronto, hakuwahi kusikia Kiswahili kama kile kutoka kwa mtu asiyemjua.

Mzee alikuwa mzaliwa wa Tabora. Aliuza vitambaa pale mpaka familia ilipohamia Kanada miaka ya sabini. Sasa akili ilikuwa ikimpotea. Kiingereza kilitangulia kumtoka, na siku nyingine hata Kikachi cha nyumbani kilimponyoka, kikabaki Kiswahili alichochezea utotoni. Almina, bintiye aliyekuwa akimtunza, alizaliwa Toronto. Kiswahili alikielewa, lakini kukisema alikuwa akiona haya, hivyo alijibu kwa Kiingereza. Akamwomba Benedicta awe anapita mchana kuzungumza na baba yake.

Ndivyo urafiki wao ulivyoanza. Almina alikuwa amesomea saikolojia na alifanya kazi na watoto mashuleni. Benedicta alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule kwao, na Toronto alikuwa akifunga mikate kiwandani. Siku moja, huku akimmenyea mzee chungwa, alisema kwamba na yeye angependa kuisoma hiyo saikolojia. Mama yao alipofariki, kaka yake Shadrack alikaa karibu mwaka mzima bila kusema neno. Wengine walisema karogwa, wengine wakasema ana kiburi. Hakuna aliyejua la kufanya, na Benedicta hakuwahi kulisahau lile.

Almina hakulichukulia kama maneno ya kupitisha muda. Alimweleza kwamba kuingia chuo kikuu moja kwa moja kungekuwa kugumu, lakini angeweza kuanzia koleji, achague kozi ambazo chuo kikuu kinazikubali, kisha ahamie huko kumalizia shahada. Basi kila Jumamosi walikaa jikoni kwa Almina, kitabu cha kozi kimefunguliwa mezani, chai ya iliki inachemka, mzee katikati yao akitafuna chevda, ule mchanganyiko wa dengu na karanga, na kuuliza kama mvua za Tabora zimeanza. Walibishana hadi wakacheka. Benedicta aliikwepa takwimu kila ilipotajwa. Almina hakukubali: bila takwimu, saikolojia hakuna.

Lakini mwisho wa kipupwe mshauri wa koleji alimpendekezea Benedicta njia nyingine, diploma ya huduma za jamii. Ilikuwa fupi, na kazi ilipatikana upesi. Gelasius aliifurahia. Almina aliifuatilia, akagundua kwamba sehemu kubwa ya kozi zile chuo kikuu kisingezihesabu. Ila Benedicta alikuwa amechoka na mikate, akamwambia ameshaamua. Almina alikifunga kitabu, akaenda kuosha vikombe.

Wiki iliyofuata mzee alitoroka. Benedicta alipokuwa akirudi kutoka kazini alimkuta kwenye kituo cha basi cha barabara ya Overlea, kavaa ndara kwenye theluji. Almina alikuwa amepiga magoti mbele yake, akimsihi kwa Kiingereza kwamba hapa ni Kanada na hakuna treni yoyote. Kila akisema hivyo, mzee alizidi kuking'ang'ania kiti na machozi yalimtoka.

Benedicta alimfunika kwa koti lake, akaketi kando yake, akamuuliza anakwenda wapi.

"Kigoma. Mama ananingoja."

Benedicta alichungulia barabara.

"Treni imechelewa, mzee," Benedicta akasema. "Wametuambia twende tukanywe chai kwanza."

Mzee alifikiri, akasema treni za siku hizi hazina adabu, kisha akanyanyuka na kumshika mkono.

Nyumbani, mzee alipokwisha kulala, Almina alimuuliza Benedicta amejifunza wapi kufanya vile.

"Sijajifunza popote. Nimejaribu tu," Benedicta alisema. "Ila nataka kujua kwa nini amekubali."

Almina alilitafuta neno. Kisha akasema, kwa Kiswahili, polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: "Basi dada, diploma ile haitakujibu."

Benedicta alijiandikisha kwa kozi walizopanga, takwimu ikiwemo. Gelasius alinuna siku kadhaa, kisha akaanza kupika ugali jioni ambazo mkewe alikuwa darasani. Mtihani wa kwanza wa takwimu ulimwangusha. Wa mwisho aliupita kwa taabu, na hakuna alama aliyowahi kuifurahia kama ile. Mzee Sultanali alifariki majira yale yale ya kuchipua ambayo chuo kikuu kilimkubali Benedicta. Alizikwa kabla Benedicta hajapata nafasi ya kumweleza, ingawa huenda asingeelewa.

Benedicta alihitimu mwaka 2012. Siku hizi anafanya kazi na wazee wenye maradhi ya kusahau huko Agincourt, na Almina amehamia Calgary na mumewe. Wanapopigiana simu, Almina huongea Kiswahili cha kuvunjikavunjika, na Benedicta hamsahihishi.

Watu humuuliza kuhusu miaka yake ya chuo kikuu, naye huona hana mengi ya kusimulia. Mihadhara imemchanganyikia yote. Anachokikumbuka vizuri ni zile Jumamosi za jikoni, kabla hajasoma lolote, walipokuwa wakichagua kozi na kuzifuta, theluji ikianguka dirishani, na mzee akiwaambia wafanye haraka kwa sababu shule inakaribia kufunguliwa.