Mbuzi wa Mzee Ndululu

Mama hakuelewa mtu anaenda kutafuta nini Tseikuru. "Kule hata mbuzi wanatoroka wanakuja huku," alisema, "na wewe ati ndio unaenda." Lakini nilikuwa nimewaahidi rafiki zangu tangu mwanzo wa mwaka, likizo ya Agosti ilikuwa imefika, na nyumbani kwetu Kalamba nilikuwa nimemchosha kila mtu kwa kununa. Mwishowe baba akasema niachwe niende ili nyumba ipumue. Mama akanijazia kiondo machungwa na mbaazi, akanipa maonyo ya kutosha mwaka mzima, nami nikakimbilia basi kabla hajageuka.

Mwaka huo, 1986, nilikuwa kidato cha tatu. Bwenini tulikuwa marafiki watatu: mimi Mutindi, Kalunde wa Tseikuru, na Nadifa wa Mwingi. Kalunde alikuwa mpole, hasemi mpaka aulizwe. Nadifa alikuwa mrefu, mwenye akili za hesabu, na akianza kucheka hajui kuacha. Mimi nilikuwa mdomo wa kundi. Tulipatana haraka sana, na nisiseme uongo, nyama ilichangia. Shule ilipika nyama Jumatano na Jumamosi, na Nadifa, kwa kuwa ni Mwislamu na hakujua imechinjwa na nani, hakuionja. Alikula ugali na kabichi, nyama akatusukumia. Mimi na Kalunde tuligawana vipande vyake kwa haki, isipokuwa siku ambazo Kalunde alichelewa.

Nadifa alinipokea Mwingi kituoni, tukakumbatiana mpaka machungwa mawili yakadondoka na kubingirika chini ya lori. Kwao kulikuwa nyuma ya maduka, ua mpana wenye harufu ya mifugo na uvumba. Baba yake, Mahamud, alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi. Alinunua Tseikuru akapeleka Nairobi. Alikuwa mzee mwembamba, ndevu nyekundu za hina, maneno machache. Mama yake, Maano, alinishika mashavu na kusema shule imenimaliza. Mwanamke wa kunipenda hivyo kabla hata sijakaa chini, mimi ningefanya nini? Nilimpenda papo hapo.

Jioni Maano alituandalia anjera, ile mikate laini yenye matundu, na nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo na kukaangwa katika samli. Bulle, mpwa wa Mahamud aliyeendesha lori lake, alikuwa akinieleza jinsi kesho atakavyonirusha barabarani mpaka meno yatoke. Nilicheka. Kisha nikagundua kwamba mzee hacheki wala hali. Alikuwa akimtazama Nadifa, ambaye alikuwa anakula nyirinyiri kama mtu aliyetoka jela.

"Nadifa," akasema, "huko shule hawawapi nyama?"

"Wanatupa, Aabo." Ndivyo alivyomwita baba yake.

"Nani anachinja?"

Nadifa akaangalia sahani. Hajui kudanganya huyo. Hata akijaribu masikio yanamsaliti. "Sijui. Ndio maana mimi sikulangi."

"Tangu lini?"

"Tangu form one."

Maano akaweka birika chini. Nikaona hali ni mbaya, nikaamua kusaidia. "Lakini haiharibiki, Baba Nadifa," nikasema. "Mimi na Kalunde tunakulanga yote."

Bulle alipaliwa na chai. Mzee Mahamud hakuniangalia hata.

"Karibu miaka mitatu," akamwambia binti yake, "na hakuna mtu ameuliza kwa nini huyu mtoto anakula kabichi. Mwalimu hajauliza. Mpishi hajauliza. Basi hao sio watu wako. Shule ikifunguliwa utaenda Garissa kwa shangazi yako. Utasomea huko."

"Aabo, mwaka ujao ni mtihani. Nianze na watu sijui?"

"Utawajua."

Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulinitisha, kwa sababu mtu anayefoka unaweza kumngoja apoe. Nadifa hakubisha tena. Alikunja anjera yake akaiacha pale. Mimi nilikasirika sana, nikakasirikia shule, mzee, hata kabichi. Nadifa ndiye aliyenifundisha hesabu mpaka nikaacha kuziogopa. Sikuweza kuwaza bweni bila yeye.

Safari ya Tseikuru haikufutwa. Mzee alikuwa ameshatuma habari kwa lori la wiki iliyotangulia kwamba tungefika kwa kina Kalunde saa sita mchana, na hakuwa mtu wa kurudi nyuma. "Mtaenda mumuage rafiki yenu," alisema asubuhi, akapanda mbele na Bulle. Sisi wawili tukapanda nyuma, kwenye lori tupu, tukashikilia vyuma. Kisha Bulle akapita kwenye shimo, mimi nikarushwa nikakalia kiondo cha mbaazi, na Nadifa akaanza kucheka. Alicheka mpaka akalia, na nikajua hicho si kicheko tena, nikamshika mkono.

"Nikienda Garissa utakuja kunitembelea?" akauliza.

"Mama alikataa Tseikuru. Garissa si atanifunga kamba?"

"Utakuja lakini."

"Nitakuja," nikasema.

Mbele kidogo tulifika kwenye mto mkavu, mchanga mtupu upana wote, na katikati magurudumu yakazama. Bulle alikanyaga mafuta, lori likazidi kuzama. Wanawake waliokuwa wakichota maji kwenye visima vya mchangani waliacha madebe yao wakaja kututazama, wakicheka waziwazi. Mkubwa wao, mama mnene aliyeitwa Kalondu, alizunguka lori lote kana kwamba analinunua.

"Wewe kijana, zima hiyo kitu, unajizika," akamwambia Bulle. Wenzake akawatuma kukata matawi. Kisha akamgeukia Mahamud, aliyekuwa bado ameketi ndani. "Na wewe mzee, shuka usukume. Ama wewe ni mzigo?"

Nilifunga macho. Nilipofungua, mzee alikuwa amevua viatu na kukunja suruali. Tulipanga matawi chini ya magurudumu, tukachimba kwa mikono, tukasukuma, lori likasonga kidogo likazama tena. Kalondu alitupigia wimbo wa kazi, na kila mara tukikosa alimlaumu Bulle. Nilimpa machungwa, akanipa maji yake ya kunywa, na kufikia mwisho alikuwa ananiita mwanangu na kuniuliza kama kwetu kuna vijana wa kuoa binti zake. Tulipotoka mchangani jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Ile saa sita tuliyoahidi ilikuwa imepita zamani.

"Watakuwa wamekula wakamaliza," Nadifa akaniambia. "Afadhali. Sitalazimika kukataa nyama mbele ya baba ya Kalunde."

Hilo ndilo lililonitia wasiwasi njia iliyobaki. Mzee Ndululu, baba ya Kalunde, alikuwa shemasi na mtu wa kujiheshimu. Lazima alikuwa amechinja kwa ajili yetu. Nadifa akikataa, yule ataona amedharauliwa. Na Mahamud akimwona binti yake anatafuna kabichi tena kwa rafiki zake, atakuwa amepata jibu lake.

Ua wa Ndululu ulikuwa umejaa watu tulipofika: majirani, shangazi, kwaya ya kanisa na sare zake. Lakini hakuna aliyeimba. Walikuwa wamekaa kwenye vivuli wamevimba kama watu waliotoka kugombana. Sufuria kubwa ilikuwa inachemsha maji matupu. Kando, amefungwa kwenye nguzo, alisimama beberu mweusi akitafuna majani. Katika ua mzima ndiye peke yake aliyekuwa anakula.

Kalunde alikuja mbio, akatukumbatia wote wawili kwa pamoja. "Mlikuwa wapi?" akanong'ona. "Watu wataniua."

Baba yake alikuwa mfupi, amevaa koti zito kwenye joto lile. Alimsalimu Mahamud, akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kisu kilichofungwa kwa kitambaa. Akakigeuza na kumpa upande wa mpini.

"Kisu ni hii. Nimenoa asubuhi," akasema. "Na mbuzi ni ile."

Mahamud alitazama kisu, akatazama mbuzi. "Hamjachinja?"

"Tungechinja namna gani? Kalunde ameniambia msichana yako hawezi kula kama si Mwislamu amechinja. Yule Mwislamu wa duka hapa ameenda Mwingi tangu juzi. Nikasema basi, tutangoja wewe."

"Tangu saa sita?"

"Tangu saa sita."

"Na hawa watu wote?"

Ndululu aligeuka akawatazama jamaa zake. "Hawa wananichukia," akasema. "Lakini mtoto atoke Mwingi aje kwangu, akae akitazama wengine wakikula? Hapana. Hiyo mimi siwezi."

Mimi na Kalunde tuliangaliana, kisha kila mmoja akatafuta kitu kingine cha kuangalia. Nilisikia aibu ikinipanda mpaka kwenye masikio. Miaka yote hiyo tulikuwa tumeketi na Nadifa meza moja, na hakuna kati yetu aliyewahi kwenda kwa mwalimu yeyote kusema neno. Tulikuwa tunampenda, wala si uongo; ila tulikuwa tunampenda tukitafuna.

Mahamud alikunja mikono ya shati, akatafuta kibla kwa kutazama jua, vijana wakamshikia beberu, akamtaja Mungu na kuchinja kwa mkono mmoja mwepesi. Hapo ndipo ua ulipofufuka. Shangazi walikimbilia moto, mtu akarusha vitunguu, na kwaya, bila kuambiwa, ikaanza kuimba, kwanza kwa njaa na baadaye kwa furaha kamili.

Nyama ilipoiva tuliletewa sinia moja sisi watatu. Nadifa alichukua kipande cha ubavu, mimi nikachukua, Kalunde akachukua, tukatafuna tukitazamana kama wajinga. Ilikuwa mara ya kwanza kula nyama pamoja wote watatu. Nilikuwa na furaha na huzuni kwa wakati mmoja, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza na nilidhani ni ya mwisho.

Wazee wawili walikuwa wameketi karibu yetu, kila mmoja na mfupa wake.

"Nimesikia unamtoa shule," Ndululu akasema. Kalunde huyo mpole alikuwa ameshanitoa habari yote jikoni na kumpelekea baba yake.

"Huko hakuna mtu anamwangalia."

"Ulienda ukamwambia mwalimu?"

Mahamud alitafuna polepole. "Hapana."

"Mimi pia singejua. Huyu wangu ndiye alisema, juzi tu, nikikamata hiyo mbuzi. Kama hangesema, ningechinja, wewe ungekasirika, na mimi ningekasirika." Akafuta mikono kwenye koti. "Wewe mwambie mwalimu. Akikataa, basi Garissa haihami."

Mahamud alimaliza mfupa wake, akanawa mikono, akanywa maji. Nadifa alikuwa ameacha kutafuna. Nilisikia pumzi yake.

"Nadifa," baba yake akasema. "Shule inafunguliwa lini?"

"Jumanne ijayo," nikadakia.

"Sijakuuliza wewe."

"Jumanne, Aabo," Nadifa akasema.

"Nitakupeleka mwenyewe. Nataka kuongea na huyo mwalimu mkuu, na huyo mtu anawauzia nyama." Kisha akatunyooshea kidole mimi na Kalunde, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikaona meno yake. "Na nyinyi wawili, kuanzia Jumanne mtatosheka na yenu."

Nadifa alianza kulia huku mdomo umejaa, kisha akacheka, akapaliwa, tukampiga mgongoni wote wawili. Bulle akatuletea maji.