Jogoo wa Koko Adelaïde

Déo na mke wake Laetitia walikamatwa kwenye barabara ya Nyabiondo na bangi iliyofichwa katikati ya magunia ya maharage. Mahakama ikampa Déo mwaka mmoja gerezani. Laetitia, aliyekuwa akinyonyesha mapacha, akapewa sursis: arudi nyumbani, ila akirudia kosa atafungwa. Koko Adelaïde, bibi yake Déo, alilia kwa furaha mpaka kitenge kikalowa.

Kwao aliyetendewa mema hakai kimya. Juma lililofuata Koko akafunga jogoo miguu, akapanda pikipiki, akaenda kumweka juu ya meza ya juge aliyetoa hukumu ile, mchana kweupe. Juge akaruka kama amekanyaga siafu. Mwendesha mashtaka alikuwa amesimama mlangoni, akauliza:

"Mama, iyo kuku ni ya kazi gani?"

"Ya aksanti, Papa. Juge alituhurumia."

"Kumbe! Ile azabu ilikuwa nyepesi, na sasa naona sababu."

Siku ile ile akakata rufaa, akaomba miaka kumi kwa wote wawili. Jogoo akabaki kwa karani kama ushahidi.

"Koko, kuku yako njo itaniingiza mu gereza," Laetitia alisema. Koko alichukua pacha mmoja, akamfunga mgongoni.

Siku ya rufaa, juge wa mahakama ya juu akamsimamisha Koko aeleze.

"Kuku nilileta miye," Koko akasema. "Nilileta kisha hukumu kutoka, haiko mbele yake. Kama ni kosa, munifunge na kamba ya mugomba, sawa vile nilifunga kuku." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akamgeukia mwendesha mashtaka. "Lakini Papa uyu anasema kweli. Bangi yao iliharibu mutoto wa Emérita, jirani yetu. Mwaka moja ilikuwa kidogo. Naomba tu mama ya mapacha abakie na watoto."

Juge aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasoma: Déo miaka mitatu, Laetitia abaki na sursis yake, na kila mwezi ajionyeshe mahakamani.

"Iyo tatu ni yangu, Koko," Déo alisema akipelekwa. "Aksanti kwa kuniachia watoto na mama yao."

Karani akarudisha jogoo. Alikuwa amenenepa kuliko siku aliyokuja. Koko alimtazama juge, akamtazama jogoo, halafu akapiga makofi ya shukrani polepole, mikono mitupu, akachukua jogoo wake, akatoka.

Alipofika Nyabiondo, kijijini kwao, hakupita kwake kwanza. Alibisha kwa Emérita, akamweka jogoo, amefungwa miguu, mbele yake.

"Nilikosea mulango, Mama Emérita. Ni kwako nilipashwa kuanzia. Mutoto wako aliharibikia kwetu, na haukutulaani hata siku moja."

Emérita akainama, akamfungua jogoo miguu, naye jogoo akakimbilia ndani, chini ya kitanda.

"Ingia, Koko," akasema. "Kijana yangu iko ndani. Leo amekula."