Mjamzito wa Kabatini

Dinah alikuwa na mimba ya miezi minane, lakini katika fleti yao ya ughaibuni, huko Eagan, alikuwa mjamzito wa pili kwa cheo. Wa kwanza aliishi kabatini.

Huyo wa kwanza alikuwa nge-mjeledi, mdudu mweusi mrefu kama kidole, mwenye magando mazito mbele, na nyuma, pale nge wa kawaida wanapoweka mwiba wa sumu, ana uzi mwembamba tu kama mjeledi. Sumu hana. Akiudhiwa, hurusha maji makali yanayonuka siki. Cyrus, mume wa Dinah, alimnunua pamoja na dume kutoka kwa bibi mmoja wa Saint Paul aitwaye Joan, akatangaza kwamba sasa yeye ni mfugaji. Jike alipochimba shimo kwenye beseni lake la plastiki angavu na kujifungia humo, mfuko wa mayai umemning'inia chini ya tumbo, Cyrus alipiga magoti mbele ya kabati na kummulika kwa tochi nyekundu kupitia ubavu wa beseni.

"Mama Fiona, njoo uone," alinong'ona. "Amebeba."

"Hata mimi nimebeba," Dinah alisema. Alikuwa ametoka kupanda ngazi na mifuko ya vyakula, miwili kila mkono.

"Sauti chini, tafadhali. Anahisi mtetemo."

Tangu siku hiyo nyumba ikawa na sheria. Kabati lilikuwa kwenye chumba kilichotengwa kwa ajili ya mtoto, kwa hiyo chumba kikafungwa. Mashine ya mvuke, iliyonunuliwa Dinah alipobanwa na kifua, ikahamia huko. Blenda ikapigwa marufuku. Fiona, binti yao wa miaka mitano, alikatazwa kuruka, naye akajibu kwa Kiingereza kwamba hata yeye anaishi hapa. Kitanda cha mtoto kilibaki ndani ya boksi lake koridoni, maana kukiunganisha kungeleta kelele za nyundo. Na jioni moja Dinah, aliporudi kutoka nyumba ya wazee anakofanya kazi ya uuguzi huko Bloomington, miguu imevimba, mumewe alimwomba kwa upole apunguze kukanyaga kwa kishindo.

Mchana Cyrus alikuwa msimamizi wa ghala. Kwenye simu alikuwa mtafiti. Alirekodi video kwa wafuasi wake, ambao nusu yao walikuwa binamu zake wa Kisii, akiwaeleza kwa sauti ya daktari bingwa.

"Jike akishabeba mayai hafunguliwi," alisema. "Hali, hatoki, hataki kuguswa. Ukimsumbua anaweza kuyala. Kazi yako ni unyevu na utulivu. Mwache mama apumzike."

Dinah aliyasikia hayo akiwa anasugua choo.

Jumapili moja ya Januari, baada ya ibada, akina mama wa kanisa walikuja kumfanyia Dinah baby shower, sherehe ya zawadi kabla mtoto hajazaliwa. Waliacha mabuti yenye theluji mlangoni, wakajaza meza chapati na pilau. Wanaume walioleta wake zao walikaa pembeni na chai, na kati yao alikuwa Silas, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa kanisa, mtu anayependa kuonyeshwa vitu.

"Nasikia unafuga nge," Silas alisema. "Watu wanasema ni maneno tu."

Cyrus aliweka kikombe chini. "Nani anasema?"

"Watu."

Dinah alimwona mumewe akiinuka, akachukua mwiko wa pilau mezani na kuelekea koridoni, Silas na wenzake nyuma yake.

"Baba Fiona," aliita. "Si ulisema hafunguliwi?"

"Dakika moja tu. Mimi najua namna ya kumshika."

Alitoa beseni kabatini, akafungua kifuniko na kuanza kufukua kwa mwiko. Udongo wa paa la shimo ukaporomoka. Jike, aliyekuwa gizani wiki kadhaa na mayai yake, akainua mkia. Cyrus alikuwa ameinama karibu ili wenzake waone vizuri.

Huko sebuleni, Bernardine, mmoja wa akina mama wa kanisa, aliinua pua. "Ni nani amemwaga siki?"

Kisha Cyrus akatokea, macho ameyafumba, akipapasa ukuta, akajikwaa kwenye boksi la kitanda cha mtoto na kulikalia. Silas alikuwa ameshafika kwenye mabuti. Dinah alimshika mumewe shingo, akamwinamisha kwenye sinki na kumfungulia maji machoni, tumbo lake limebanwa na makabati ya jikoni, huku akina mama wakicheka hadi wengine wakatafuta pa kukaa.

"Polepole, Mama Fiona. Yanauma."

"Usifumbe macho," Dinah alisema, kwa sauti anayoitumia kazini.

Asubuhi iliyofuata jike alikuwa anakula mayai yake. Cyrus alikaa sakafuni mbele ya beseni akalia machozi ya kweli, akapiga simu kazini kuomba siku tatu za msiba.

Dinah alisimama mlangoni akimtazama. Miaka miwili nyuma mimba yake iliharibika. Cyrus alisema ni mapenzi ya Mungu, akamwachia supu kwenye jiko, akaenda zamu. Dinah hakuwa amelizungumza jambo hilo tena, kwa sababu hakuulizwa.

Hata siku hiyo angenyamaza, kama si video. Cyrus, macho bado mekundu, aliwaeleza wafuasi kwamba pamoja na uangalizi wake wote, majike wengine hawana moyo wa uzazi. Dinah aliitazama akiwa kwenye mapumziko kazini. Akaandika chini yake: "Alimfukua mwenyewe kwa mwiko wa pilau, kumwonyesha Silas."

Binamu wa Kisii hawakuwa wamechangamka hivyo tangu wamfuate.

"Umenidhalilisha," Cyrus alisema jioni. "Ifute."

"Sifuti. Huyu wa kabatini umemlilia. Wangu hukumlilia."

Cyrus akachukua simu yake. Baadaye kidogo video ikaondolewa. Joan, yule bibi aliyewauza, akaja na gari lake, akawachukua nge wote wawili, na alipokuwa akitoka akamuuliza Dinah anatarajia lini. Kesho yake Cyrus aliunganisha kitanda cha mtoto. Nyundo ilisikika mpaka kwa majirani.

Mtoto alizaliwa Februari, wa kiume, barabara zikiwa zimefunikwa na theluji. Cyrus alikuwepo. Alijaribu kurekodi, muuguzi akamnyang'anya simu kwa ombi la Dinah. Mtoto alipolazwa kifuani kwa Dinah, Cyrus alisimama kando ya kitanda, mikono haina kazi.

"Yule mwingine," alisema kwa sauti ya chini. "Angekuwa na umri gani sasa?"

Dinah alimvutia mtoto blanketi begani.

"Umechelewa sana kuuliza," alisema. "Niletee maji ya kunywa, kisha ukae hapa nikuambie."