Alivaa Nini Siku Ile

Majira yale ya baridi mji mzima wa Quilpué ulishikwa na ugonjwa mmoja, tamthilia ya Jumapili. Iliitwa Pazia Jeupe. Mke kijana, Javiera, alitoka kwenda kununua mkate katika mtaa tulivu wa nyumba zinazofanana, asirudi tena. Kila sehemu ilimtia hatiani mtu mpya. Leo mume, wiki ijayo shemeji, wiki ya tatu kasisi. Kwenye foleni ya mkate, saluni, kituo cha treni, kila mtu alikuwa hakimu, na hakuna hakimu aliyekubaliana na mwenzake.

Katika kichochoro cha Los Boldos mahakama ilikaa sebuleni kwa Mireya Cárcamo. Mireya alikuwa mjane wa miaka sitini na minne, fundi cherehani aliyeacha kazi macho yalipoanza kumsaliti. Kila Jumapili saa kumi na moja jioni aliandaa chai, mkate wa moto na parachichi lililopondwa kwa chumvi. Mzee Baudilio wa nambari tatu, makanika mstaafu wa mabasi, alikuja na keki. Edelmira Oyarzo wa nambari nane, nyumba inayotazamana na ya Mireya, alikuja mikono mitupu na mdomo umejaa maneno.

Mwanzoni watu walitaka kumficha Edelmira tamthilia hiyo. Binti yake Yasna alipotea akiwa na miaka kumi na tisa, na sasa ilikuwa imepita miaka ishirini na sita bila barua wala kaburi. Lakini Jumapili ya kwanza Edelmira aligonga mlango mwenyewe, akavuta kiti.

"Mnanificha nini?" alisema. "Mnadhani mimi nitauawa na televisheni? Sogea, Baudilio, unaziba."

Basi wakatazama pamoja, na Mireya akawa anakaa nyuma kidogo, karibu na birika.

"Mimi nimesema tangu siku ya kwanza," Mzee Baudilio alishika zamu yake Jumapili ya sita, parachichi limemganda kwenye sharubu. "Ni daktari wa meno. Mtu anayecheka huku ameshika koleo si wa kuaminiwa."

"Wiki iliyopita ulisema ni mtunza bustani," Edelmira alimkata.

"Wiki iliyopita mtunza bustani alikuwa na koleo kubwa zaidi."

"Basi wewe huna muuaji, una orodha ya vifaa!"

Mireya alicheka nao. Kisha tangazo likaisha, na sehemu ya sita ikageuza kila kitu. Alikuwepo jirani mmoja, Bibi Amparo, mama mpole ambaye tangu mwanzo alikuwa akiwapelekea askari kahawa. Sasa ikaonyeshwa kwamba asubuhi ile alikuwa nyuma ya pazia. Alimwona Javiera akitoka na begi dogo, peke yake, kwa hiari yake. Askari walipokuja, alifuta mikono kwenye aproni akasema, "Sikuona kitu."

Mireya alikuwa na kikombe mkononi. Akakiweka chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Mwanaharamu!" Mzee Baudilio aliruka. "Huyu ni mbaya kuliko muuaji. Muuaji angalau ana kichaa chake. Huyu ana nini? Anyongwe!"

Macho ya Edelmira hayakutoka kwenye kioo cha televisheni hadi majina ya waigizaji yalipoanza kupanda.

"Mnyongeni," alisema hatimaye, "halafu nani atanieleza?"

"Akueleze nini, dada Edelmira?" Mireya aliuliza, na sauti yake mwenyewe aliisikia ikitoka mbali.

"Alivaa nini. Mimi yule Amparo ningemkalisha hapa, nimmiminie chai, nimuulize hilo tu. Maana mimi niliwaambia askari sweta nyekundu. Nchi nzima ikamtafuta msichana mwenye sweta nyekundu. Mwaka mzima umepita, nafagia, naikuta chini ya kitanda." Alikung'uta makombo kwenye sketi. "Tangu hapo nikimwota, hana nguo. Anasimama kwenye baridi uchi, mtoto wangu, na mimi sijui nimvike nini."

Mzee Baudilio alichukua kofia yake akaaga.

Walipoondoka Mireya alifungua simu, ukurasa wa tamthilia. Maoni yalikuwa yakimiminika. *Yule jirani alale macho wazi mpaka afe.* *Mimi namwelewa, aliogopa.* *Aliogopa nini? Ana umri wa mama yake!* *Ningekuwa mama wa Javiera ningemng'oa ulimi.* Mmoja aliyejiita Bibi wa Limache aliandika: *Uongo wa kwanza huwa mdogo. Shida ni kwamba kesho yake unakusalimia.* Mireya aliyasoma yote, mamia kwa mamia, kama mtu anayesoma barua zilizoandikwa kwa jina lake.

Kwa maana ilikuwa hivi. Julai ya mwaka ule, Jumanne, mvua ilikuwa ikipiga mabati ya jikoni. Mume wa Mireya alikuwa kazini. Yasna aligonga mlango wa nyuma, amevaa blauzi nyepesi, begi moja dogo mkononi.

"Dada Mireya, naenda Antofagasta, kaskazini. Nimepata kazi hotelini."

"Mama yako anajua?"

"Nitamwandikia wiki ijayo, nikishatulia. Usimwambie sasa hivi, tafadhali. Atanifuata kituoni alie mbele za watu, na mimi nitarudi. Unamjua."

Mireya alimjua. Akamwambia angalau asitoke vile kwenye mvua, akamvika koti alilolinunua mitumbani Jumamosi, ambalo hakuwahi hata kulitoa nje ya nyumba. Msichana akamkumbatia, akapita uchochoro wa nyuma, akaenda.

Jioni Edelmira alikuja akiuliza. Mireya akasema, "Sikuona kitu." Ni wiki moja tu, alijiambia. Wiki ikapita, barua haikuja. Askari wakaja na karatasi, na kwa kuwa alikwisha kusema hakuona, alisema tena hakuona, akatia sahihi. Baada ya hapo kila siku iliyopita iliufanya ukweli uwe mzito zaidi kubeba hadi ng'ambo ya pili ya kichochoro.

Na watu, kwa kukosa habari, wakajitungia. Walisema ni Rigoberto, baba wa kambo, kwa kuwa alikuwa mkali na mnywaji. Asubuhi moja ukuta wa nambari nane ukakutwa umeandikwa MUUAJI kwa rangi ya mafuta. Edelmira naye mwishowe akaamini, akamfukuza. Rigoberto alikufa mbali, mjini Calama, katika chumba cha kupanga, na siku tatu zikapita kabla ya mtu kugundua. Mireya alikuwa ameyaona yale maandishi kupitia dirisha, na aliendelea kupika.

Jumatatu asubuhi alivuka. Ni hatua nane kutoka mlango hadi mlango. Alimkuta Edelmira jikoni akimenya maharage mabichi, redio inaongea peke yake.

"Mbona umekuja bila kuita? Kuna nani amekufa?"

"Dada Edelmira, zima redio."

Akamweleza. Alisimama wima kama mtoto mbele ya mwalimu, akaeleza kuanzia mlango wa nyuma hadi sahihi kwenye karatasi. Edelmira hakuacha kumenya. Ganda huku, punje kule. Mireya alipofika kwenye koti, vidole vikasimama.

"Koti gani?"

"La mitumba. La sufu. La kijani."

"Kijani kipi?"

"Kama chupa ya mvinyo."

"Vifungo?"

"Vyeusi. Isipokuwa cha tatu, kilikuwa kimepotea, nikashona cha kahawia."

Edelmira aliweka bakuli chini. Akafuta mikono, akaitazama mikono hiyo mbele na nyuma, na alipozungumza hakumtazama Mireya.

"Septemba ile askari waliniita ofisini kwao Valparaíso. Mto Aconcagua ulikuwa umetupa maiti ya mwanamke pale unapoingia baharini, Concón. Uso hakuna, vidole hakuna, maji yalishafanya kazi yake. Wakaniwekea picha ya nguo mezani. Koti la kijani, kifungo cha tatu cha kahawia." Alivuta pumzi. "Nikasema, Mungu amsaidie mama wa huyu, wangu hana koti la kijani. Nilifurahi, Mireya. Nilirudi kwa treni nimefurahi. Nilipita dukani nikanunua keki ya maziwa. Nilikula keki."

"Dada..."

"Usiniite dada." Alisema bila kupandisha sauti. "Kavae viatu vya maana. Tunakwenda."

Walisafiri kwa treni ile ile, kila mmoja kiti chake. Edelmira aliketi dirishani upande wa bahari, na Mireya nyuma yake, akitazama kisogo chake chenye mvi njia nzima. Ofisini walipokewa na mwanamke kijana mwenye miwani, ambaye alisikiliza mara mbili, akaondoka, akarudi baada ya saa nzima na jalada lenye vumbi. Picha ilikuwamo. Miaka yote ile ilikuwa imelala ndani ya kabati, na kifungo cha kahawia kiking'aa katikati ya vyeusi kama jicho lililokataa kufumba. Mireya aliutambua uzi wake mwenyewe.

Mifupa ilikuwa makaburini, kwenye ukuta, kishimo chenye nambari bila jina. Wakachukua mate ya Edelmira kwa ajili ya vipimo. Mireya akatoa maelezo upya, ukurasa baada ya ukurasa, kisha akauliza atafungwa lini.

"Mama, imepita miaka mingi mno," msichana wa miwani alisema. "Sheria haiwezi kukufanya lolote."

Mireya alishukuru kwa kichwa. Nje, kwenye ngazi, ndipo alipolia, kwa kuwa alikuwa ameweka matumaini yake yote kwenye hiyo sheria.

Kichochoro kilijua kabla ya mwisho wa wiki. Mahakama ikakaa upya, mara hii bila chai yake. Mwenye duka la mkate alimhudumia bila kumtazama. Wasichana wa nambari kumi walisema kwa sauti, apate kusikia, kwamba ndiye Amparo mwenyewe, mzima mzima. Wengine walisema hapana, aliahidi, na ahadi ni ahadi. Tamthilia iliisha bila yeye. Hakujua nani alimchukua Javiera, na watu walipoanza kulijadili hilo kwenye foleni ya mkate, aliacha foleni akarudi nyumbani bila mkate.

Mzee Baudilio hakumsalimia mwezi mzima. Kisha siku moja akaja, akasimama mlangoni na kofia mikononi, asikubali kuingia.

"Nilisema anyongwe," alisema. "Yule wa kwenye tamthilia."

"Nilikusikia, mzee."

"Basi jua na hili. Ule ukuta wa Rigoberto. Brashi ilikuwa yangu." Aliizungusha kofia mikononi. "Sijaja unisamehe. Nimekuja kwa sababu sina mwingine wa kumwambia."

Wakasimama pale wawili, wasijue la kufanya na nyuso zao, mpaka akavaa kofia akaondoka.

Majibu yalitoka Desemba, joto likiwa limeanza. Alikuwa Yasna. Alivyofika mtoni, kama alianguka, kama alisukumwa, kama kulikuwa na hoteli yoyote kule kaskazini, hakuna aliyejua wala atakayejua. Kishimo cha ukutani kikawekewa kibao chenye jina na tarehe moja tu, ya kuzaliwa. Edelmira alikataa ya pili. "Sikuwepo," alimwambia fundi, "siwezi kuandika." Mireya alisimama mbali, kwenye geti la makaburi, mpaka wote walipotoka. Edelmira alimpita karibu kiasi cha kugusana mabega, bila kupunguza mwendo.

Januari, Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, mlango uligongwa. Alikuwa Edelmira. Aliingia, akaketi kwenye kiti kilicho wazi, akaweka mkoba mapajani.

"Nieleze," alisema.

"Nikueleze nini?"

"Unajua. Anza pale alipogonga."

Mireya akaeleza. Edelmira alisikiliza macho yamefumbwa, na ilipoisha akainuka akaondoka bila kuaga. Alhamisi iliyofuata akarudi. Na iliyofuata. Hakuwa akinywa chai wala maji. Aligonga mara ngapi? Begi lilikuwa mkono gani? Aliponyoosha mkono kuvaa koti, alitangulia wa kulia? Mireya alijibu alivyoweza, na usiku alilala akijiuliza kama alichojibu alikiona kweli au alikishona mwenyewe kutokana na vipande. Yasna alianza kukaa pale jikoni. Akiosha vyombo Mireya alimhisi nyuma yake, karibu na mlango, nywele zinachuruzika maji, akisubiri kuvikwa. Hakuwa akigeuka. Alikuwa akisema tu, polepole, "Nakuja," na kuendelea kuosha.

Aprili, baridi ilipoanza kurudi, Edelmira aliuliza swali ambalo hakuwahi kuliuliza.

"Alipokuwa anaondoka, alitazama nyumbani? Aliitazama nyumba yetu?"

Mireya alilitazama lile swali likisimama mezani kati yao. Kusema ndiyo kungekuwa neno moja tu. Lingemlaza Edelmira usingizi usiku huo na kila usiku uliobaki. Lingekuwa dogo na la huruma, kama lile la kwanza.

"Sikumbuki," alisema. "Alipita uchochoro wa nyuma. Nilifunga mlango mapema, mvua ilikuwa inaingia. Sikumwona tena."

Barabarani gari la gesi lilipita likigonga mitungi yake, sauti ikafifia kuelekea kituoni. Kisha Edelmira akaushika mkoba wake vizuri, akafumba macho.

"Haya," alisema. "Basi nieleze mvua."