Kizimba cha Tuishi Pamoja

Jumatatu saa moja asubuhi Kanyere alikuwa akisugua kwa majivu beseni la maji la kizimba, naye Directeur Éliakim akiita majina ya wanyama kutoka kwenye daftari. Ndiyo ilikuwa desturi ya bustani yake ndogo ya wanyama pale Kimemi. Kila mnyama alikuwa na jina, na kila mnyama aliitika.

"Stanislas!"

"Présent," alisema kenge, aliyeletwa kutoka joto la Beni.

"Ézéchias!"

"Présent," alisema chura.

"Abigaïl!"

Kinyonga wa Masereka, kule milimani kwenye baridi, aliitika polepole. Alikuwa na mimba, na makaa aliyowashiwa kenge yalikuwa yakimkausha.

Kanyere, aliyewalisha wote watatu katika kizimba hicho kimoja, alikuwa amemwonya directeur mpaka mdomo ukachoka. Kenge hula chochote kinachoingia kinywani. Chura hutoa sumu kwenye ngozi, na beseni ni moja. Kinyonga wa milimani hawezi kuishi kando ya jiko. Lakini juu ya kizimba directeur alikuwa ameandikisha kwa rangi nyekundu TUISHI PAMOJA, na shule zilileta wanafunzi waje kujifunza. Sasa rangi ile, na bei yake, nani angeifuta?

Jumatano chura hakuonekana. Jina lake lilipoitwa, kenge alifungua mdomo, Ézéchias akaitika kutoka tumboni. Directeur akatia alama. Kutwa nzima kenge alitokwa na povu kwa ile sumu. Directeur akasema ni mafua tu, akaongeza makaa. Wanafunzi waliokuja siku hiyo walimsikia chura akiitika vizuri, na mwalimu wao akawaambia wapige makofi.

"Chef, munipatie Abigaïl nimupeleke kwangu," Kanyere aliomba. "Atazala mu baridi, kisha nitamurudisha. Naomba, chef."

"Mais, Mama Kanyere! Kwa sababu ni wa kwenu Masereka? Hapa hatutaki ukabila."

Maneno hayo yalimchoma. Alitafuta ubao, akausimamisha katikati ya kizimba ili kenge asimfikie kinyonga. Directeur aliung'oa kwa mikono yake mwenyewe, akafunga kufuli, akaondoka na ufunguo. Chakula kingepitia kwenye tundu la waya.

Ijumaa tawi la Abigaïl lilikuwa tupu.

"Abigaïl!"

"Présente," alisema kinyonga kutoka tumboni mwa kenge. Nyuma yake zikafuata sauti tisa nyembamba, moja moja.

Kanyere alilia kwa sauti, mbele ya mkubwa wake, bila kujali. Directeur alimpa kitambaa, akampongeza: watoto tisa, na hakuna aliyegombana na mwenzake!

"Basi leo munipatie kizimba ingine," Kanyere alisema.

"Ya nini tena? Angalia vile nafasi iko mingi."

Tena tangu jana directeur alikuwa amekwisha kupiga simu Beni wamletee vyura ishirini. Alimkabidhi Kanyere daftari na kalamu, awape watoto majina.

Kanyere alichuchumaa nje ya waya, karibu na tumbo la kenge. Aliwapa majina ya dada zake na ya shangazi zake wa Masereka, na kila mmoja aliitika lake. Wa mwisho, kabla hajapewa jina, aliuliza kama huko nje kuna baridi.

"Iko," Kanyere alimwambia.

Directeur akamwomba afanye haraka. Vyura walikuwa wamefika mlangoni.