Vidonge vya Foleni ya Asubuhi

Daktari Opiyo alikuwa ameandika mstari mmoja kwenye faili la Gesare: "Dawa isimamishwe. Mgonjwa hafuati maagizo." Tecla aliusoma akiwa amesimama kwenye dirisha la famasia, akaurudia, na hasira ikampanda hadi masikioni.

Dozi aliipima yeye. Mwaka huo wa 1978 hospitali haikuwa na mfamasia mwingine. Titi la kushoto la Gesare lilikuwa limeshakatwa, na methotrexate ilikuwa ya kuua saratani iliyobaki. Ikisimamishwa, huenda ugonjwa ungerudi. Lakini sasa kinywa chake kilikuwa vidonda vitupu, na chembe nyeupe za damu zilikuwa zimeshuka vibaya, kama mtu aliyezidishiwa dozi.

"Hawa wa mashamba ya chai wanakunywa miti shamba," Opiyo alisema Tecla alipomfuata. "Wewe gawa dawa, maswali niachie."

"Ulimuuliza?"

"Tecla, nina wagonjwa arobaini."

"Basi huyu mmoja niachie mimi."

Gesare alikuwa kwenye benchi, kitambaa mdomoni, mkono wa kushoto umevimba tangu upasuaji.

"Mama, mwezi jana nilikuuliza kama unameza dawa nyingine."

"Nikakuambia hakuna. Mganga sijamwona, mimi nimeokoka."

"Na kwa mkono huo unachumaje chai? Si tulikuandikia barua ya kazi nyepesi?"

"Nyapara aliisoma akacheka. Akasema hakuna kitu chepesi kama majani." Gesare alimeza mate kwa taabu. "Si ile ya kazi inasaidia."

"Ya kazi ipi?"

"Ile nyeupe ya foleni. Kila asubuhi dresa wa zahanati ya shamba anatupa aspirini mbili mbili, tunameza akiona, ndipo tunachukua vikapu. Mimi ananipa nne, kwa sababu ya mkono."

"Mama, hiyo ni dawa!"

"Dawa ni ya wagonjwa. Hii tunapewa wote."

Aspirini huzuia figo kutoa methotrexate mwilini, ikarundikana hadi ikawa sumu. Hilo alilisoma chuoni na kulijibu kwenye mtihani. Tena alizaliwa Bomet, karibu na foleni kama hiyo, na bado akauliza swali kama lilivyoandikwa kitabuni. Hasira aliyokuwa amemwekea Opiyo ilibidi agawane naye.

Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alikuwa kule shambani, mbele ya dresa Momanyi na kopo lake la aspirini.

"Madam, kampuni inataka watu shambani, si kwenye benchi langu."

"Huyu mama umekaribia kumuua."

"Kwa aspirini? Hata watoto wanameza!"

Tecla akatoa kadi aliyoiandika kwa herufi kubwa: GESARE ASIPEWE ASPIRINI. "Weka sahihi. Akipewa tena, jina lako litakuwa la kwanza kwenye ripoti yangu."

Momanyi akaweka. "Gesare, siku hizi una wakili!" alipaza sauti, na foleni nzima ikacheka. Tecla hakucheka.

Opiyo aliisikiliza habari yote, akaisoma kadi kabla Tecla hajampa Gesare aitunze.

"Ungeniambia kwa upole."

"Futa ule mstari."

Hakuufuta. Aliandika chini yake: "Chembe nyeupe zikipanda, dawa iendelee."

Wiki tatu baadaye chembe zilikuwa zimepanda na vidonda vimekauka. Gesare akafungua fundo la leso. Ndani mlikuwa na vidonge vinane vyeupe.

"Momanyi alikwenda likizo. Aliyeshika kopo alisema kadi haimhusu. Siku mbili nikaviweka shavuni, nikajifanya nimemeza."

"Na ulipoonyesha sahihi?"

"Alisema si yake."

Tecla alivimwaga vidonge kwenye sinki, akafungua maji hadi vikayeyuka. Kisha akachukua faili na rula, akaukata mstari wa kwanza wa Opiyo kwa wino mwekundu, akaandika jina lake mwenyewe pembeni, na kuanza kupima dozi.